Sahihi ya Bibi Verlene

Nyumbani kwa akina Tackett, mtoto hakumaliza shule kwa sababu mwaka umekwisha. Alimaliza siku ile karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji ilipojaa sahihi. Karatasi hiyo aliiandika mama wa nyumba, Rhoda Tackett, alipokuwa bado kijana, ana mtoto mchanga begani na imani kubwa moyoni. Ilikuwa na stadi ishirini na nne ambazo mtu anayempenda Mungu na jirani yake hana budi kuziweza kabla hajatoka kwenda kuishi na watu. Bila sahihi zote, hakuna cheti. Na mtoaji wa cheti alikuwa Rhoda mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwalimu, mwalimu mkuu na mpishi wa shule.

Keturah, bintiye mkubwa, alibakiza miezi miwili kutimiza miaka kumi na minane, na alikuwa na sahihi ishirini na tatu. Alikwisha oka mikate ya kulisha watu kumi na wawili. Alikwisha badilisha gurudumu la pikapu kwenye mvua, akashona gauni lenye mikono, akazalisha mbuzi ambaye mtoto wake alitanguliza miguu ya nyuma. Aliongoza ibada ya nyumbani bila mtu kusinzia, ingawa hiyo ilimgharimu majaribio manne kwa sababu ya baba yake. Na katika mashindano ya mdahalo ya watoto wanaosomea nyumbani, jimbo zima la Missouri, alitoka na kombe kubwa kuliko kichwa cha mdogo wake.

Iliyobaki ni namba ishirini na nne, mwisho kabisa wa karatasi, nayo ilikaa wazi kama pengo la jino: *Kumwomba radhi mtu uliyemkosea, ana kwa ana, bila kujitetea. Sahihi ya aliyekosewa.*

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Sherehe ya kumaliza shule ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Keturah alitakiwa kuanza kazi kwa daktari wa mifugo mjini, na daktari alikwisha sema waziwazi: aje na cheti, la sivyo kuna kijana mwingine anaingoja nafasi hiyo.

"Mama," Keturah alisema akiingia jikoni, "nimempata mtu wa namba ishirini na nne."

Rhoda alikuwa anakanda unga. "Nani?"

"Tirza. Nimekula keki yake ya mdalasini."

"Lini?"

"Kama dakika tano hivi."

Tirza, mdogo wake wa miaka tisa, alikuwa amejiegemeza mlangoni. "Kanikosea sana, Mama," alisema. "Sijui hata kama nitapona."

Rhoda aliacha kukanda. "Keturah. Umeila keki ya mwenzio ili upate cha kumwombea radhi?"

"Kosa ni kosa, Mama. Karatasi haisemi lifanyike lini."

"Na wewe Tirza, umeahidiwa nini?"

"Keki mbili," Tirza alijibu, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

"Mwalimu mkuu amekataa," Rhoda alisema, akarudi kwenye unga wake.

"Basi naomba niongee na mama yangu."

"Mama yako anasema umsikilize mwalimu mkuu. Tena anajua, na mwalimu mkuu anajua, na hata mbuzi wale nje wanajua, ni nani uliyemkosea."

Keturah alijua. Kanisa zima lilijua.

Mwezi wa nne, Jumapili ya Pai, siku ya kushindanisha pai za matunda zilizookwa nyumbani, watu walikusanyika ukumbi wa chini wa kanisa kuonja na kupiga kura kama kila mwaka. Bibi Verlene Stubbs, mpiga piano wa kanisa na jirani wa nyumba ya tatu kwenye barabara ile ya kokoto, alipata utepe wa bluu wa mshindi kwa mara ya kumi na tisa mfululizo. Keturah alikuwa wa pili. Mchungaji, kwa adabu tu, akauliza kama kuna mwenye neno. Keturah akanyoosha mkono.

Alikuwa na hoja tatu. Kwanza, mawimbi ya ukingo wa ganda la pai ya Bibi Verlene yalilingana yote, na vidole vya binadamu havilingani hivyo. Pili, ganda lenyewe halikuwa na harufu hata kidogo ya mafuta ya nguruwe, ambayo ganda la nyumbani hukandwa nayo. Tatu, na hapo aliinyanyua pai yenyewe juu ya kichwa chake, sahani ya bati ilikuwa na namba ya kiwandani chini. Ganda lilikuwa la dukani. Akaketi akisubiri makofi, kwa mazoea. Hakuna aliyepiga. Bibi Verlene alivaa koti lake, akatoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga kanisani. Jumapili sita sasa nyimbo zilianzishwa na mchungaji, ambaye kila mara alianzia juu mno, mahali ambapo waumini wote walimwacha aende peke yake.

"Lakini nilikuwa na haki, Mama," Keturah alisema.

"Ndiyo sababu ni namba ishirini na nne," Rhoda alisema. "Ingekuwa rahisi ningeiweka namba ya kwanza, kabla ya kufunga kamba za viatu."

*

Alhamisi asubuhi Keturah alisimama kwenye baraza ya Bibi Verlene akiwa amevaa sketi yake ya mdahalo, na kadi nne ndogo za hoja zake mkononi. Bibi alikuja mpaka kwenye mlango wa wavu, hakuufungua. Mikono aliificha kwenye mifuko ya sweta.

"Bibi Verlene, habari za asubuhi. Nimekuja kwa jambo moja lenye sehemu tatu."

"Sehemu tatu tena?"

"Fupi fupi, Bibi. Kwanza, nakiri kwamba namna niliyolisema lile jambo haikuwa ya upole. Pili, ni vyema tutofautishe namna ya kusema na jambo lenyewe lililosemwa, kwa sababu..."

"Geuza kadi, mwanangu, umefika mwisho wa hiyo."

Keturah aligeuza. "Tatu, endapo ulijisikia vibaya, basi mimi nasikitika kwamba ulijisikia hivyo."

Ng'ombe alilia mahali fulani nyuma ya nyumba. Bibi Verlene alimtazama kupitia wavu.

"Nani kashinda?" aliuliza.

"Samahani?"

"Nauliza nani kashinda. Maana naona upande wangu haujapewa dakika zake za kujibu." Kisha akafunga mlango wa ndani, ule wa mbao, taratibu kabisa. Keturah alitamani angeubamiza.

Nyumbani alimkuta baba yake, Wendell, amelala chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kasaini?" miguu iliuliza.

"Hata kalamu hakuiona."

"Ulikwenda na kadi?"

"Nne tu."

Wendell alijisogeza nje, uso umepakaa oili. "Mwanangu, mimi na mama yako tuna miaka ishirini na mbili ya ndoa. Nimemkosea mara nyingi, na nyingine sikujua hata ni kosa gani. Sijawahi kwenda na kadi."

"Sasa huwa unasema nini?"

"Nasema nimekosa. Halafu nanyamaza." Alifuta mikono kwa tambara. "Kusema ni kazi ya nusu dakika. Kunyamaza ndiko kunakotoa jasho."

"Baba, si ungeongea na Mama? Wewe ni bodi ya shule."

"Ni bodi, ndiyo. Ila sina kura." Akarudi chini ya gari.

*

Alasiri ile Keturah aliamua kufanya mazoezi. Bandani, Tirza alikalia ndoo, akajifunga kitambaa kichwani awe Bibi Verlene, na kwa kazi hiyo alidai keki zake mbili kwanza. Mbuzi walisimama kando wakitafuna kama majaji waliokwisha amua.

"Bibi Verlene," Keturah alisema, "nilikukosea. Sikujua tu kwamba..."

"Umejitetea," Tirza alisema.

"Nilikukosea, na kila mtu pale alikuwa anajua kuwa..."

"Umejitetea, tena umeleta mashahidi."

"Nilikukosea. Nilipenda ukweli kupita kiasi."

"Hapo umejisifu!" Tirza alipiga ndoo kwa kisigino. "Mimi ningekufungulia mbwa."

"Hana mbwa."

"Ningeazima." Tirza aliiweka sawa leso yake, akakunja uso wa kizee. "Haya, we mtoto, niambie. Kwa nini uliigeuza sahani yangu?"

"Kwa sababu ya ukweli."

Tirza aliacha sauti ya Bibi Verlene. "Mbona siku ile ulikuja kulia hapa hapa? Nilikuwa juu kwenye nyasi kavu, nilikusikia. Hukutaja ukweli hata mara moja. Ulisema, 'Ningeshinda mimi.'"

Keturah alifungua mdomo. Kichwani mwake mlikuwa na majibu manne, yote mazuri, yamejipanga foleni. Alichagua moja, akaliacha. Akachagua la pili, akaliacha pia. Mwisho alikaa chini kwenye majani, na sketi yake ya mdahalo, pembeni ya mbuzi.

"Unaumwa?" Tirza aliuliza.

"Hapana. Toka kwenye ndoo, nikamue."

*

Ijumaa alasiri alikwenda akiwa na kalamu, karatasi aliyoibandua kwenye friji, na nguo za kazi. Bibi Verlene alimwona kupitia wavu.

"Leo sehemu ngapi?"

"Sina, Bibi."

"Hata moja?"

"Nilizichoma."

Mlango wa wavu ulifunguka. Jikoni kulikuwa na jagi la chai baridi juu ya meza, na gilasi moja. Bibi Verlene hakuongeza ya pili. Aliketi, akaweka mikono yake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza Keturah aliitazama vizuri. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole vimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Sema basi. Chai yangu inapata joto."

Keturah alisimama, kwa kuwa hakuambiwa aketi. "Niliutaka ule utepe," alisema. "Ningekuwa wa kwanza mimi, nisingeigeuza ile sahani hata kama namba ingeandikwa kwa rangi nyekundu. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya ukweli. Nilijiambia hata mimi mwenyewe. Kilikuwa kijicho tu, na nikakuaibisha mbele ya watu wanaokuheshimu. Nimekosa, Bibi. Naomba unisamehe."

Bibi Verlene alisubiri. "Endelea."

"Basi."

"Hoja ya pili?"

"Hakuna."

Kisha bibi kizee alishusha pumzi. "Ganda lilikuwa la dukani," alisema. "Mwaka huu na mwaka jana. Vidole hivi haviwezi tena kusukuma unga. Baridi yabisi. Piano bado naipiga, maana piano haihitaji nguvu, inahitaji ukaidi. Ila unga hapana. Nikaona aibu kusema. Kwa hiyo ulikuwa na haki."

Ah! Neno hilo Keturah alilingoja Jumapili sita. Lilipotua, kila kitu ndani yake kilisimama wima: hoja, ushahidi, hitimisho, shukrani kwa majaji. Aliuma ulimi. Akahisi masikio yanachemka.

"Sema kitu," Bibi Verlene alisema.

"Nimeshasema, Bibi."

"Hata 'nilijua' husemi?"

"Sisemi."

"Inauma?"

"Mno."

Bibi Verlene alicheka, kicheko kikavu kilichogeuka kikohozi, akanywa chai kidogo kukishusha. Akauvuta ule ukurasa karibu, akausoma wote kuanzia juu, kidole kikipita stadi moja baada ya nyingine.

"Umezalisha mbuzi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kipi kigumu, mbuzi au mimi?"

"Mbuzi hakunitazama usoni, Bibi."

"Hm." Alifika mwisho. "Nikuambie kweli, sijakusamehe. Bado. Ninajaribu, ila kuna siku nikiamka nakuona umeinyanyua pai yangu kama kichwa cha Yohana Mbatizaji. Nipe muda."

Jumamosi ilikuwa kesho. Keturah alitamani kueleza habari za daktari wa mifugo, na wageni themanini, na keki iliyokwisha pakwa sukari. Alikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akasema, "Sawa, Bibi. Nitangoja."

Akanyoosha mkono kuichukua karatasi yake. Bibi Verlene aliigandamiza kwa kiganja.

"Unakwenda nayo wapi? Hapa pameandikwa kuomba. Umeomba, nimesikia. Kusamehe ni namba ngapi?"

Keturah alifikiri. "Haipo, Bibi."

"Mama yako kasahau. Mwambie aongeze, halafu aniletee mimi nifanye mtihani." Alinyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu."

Kalamu ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu aliibana katikati ya vidole viwili, akainamisha kichwa, akaanza herufi ya kwanza kwa mwendo wa mtu anayeshuka ngazi gizani. Keturah alitaka kuishika karatasi isiteleze, akaona asiguse mpaka aambiwe.

"Shika hapo kwenye pembe," Bibi Verlene alisema bila kuinua macho. "Na usinihimize."

"Sijasema kitu, Bibi."

"Unapumua kwa haraka."

Keturah aliishika pembe ya karatasi kwa kidole kimoja, akapunguza pumzi, na Bibi Verlene akaanza herufi ya pili.