Siku ya Kumpandisha Opal

Kwetu Halden mtoto hubatizwa mara mbili. Kanisani humwagiwa maji, uwanjani hupandishwa. Timu ya chuo ikifunga katika mchezo wa kwanza anaoletwa mtoto, mama humtoa mikononi, watu wakampokea benchi kwa benchi mpaka ukuta wa juu kabisa, kisha humrudisha akinuka karanga na manukato ya vibibi. Nilipandishwa mimi. Alipandishwa baba yangu, Vernon, ambaye mpaka leo anajigamba kwamba hakulia.

Msimu huu ilikuwa zamu ya Opal, binti yangu.

"Magoti yamenikatalia, Darla," baba aliniambia. "Nimwone mjukuu wangu akipanda, basi. Baada ya hapo, mimi na redio nyumbani."

Tangu enzi za babu, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, Nyumbu wa Halden, ilicheza Jumamosi saa saba mchana, hata mahindi shambani yalijua. Sasa saa ya mchezo inapangwa na televisheni, na sisi tunaotoka mashambani tunaarifiwa wiki hiyohiyo kama watumishi. Safari hii wakatupangia saa tano asubuhi. Nyama tunayochoma kila mara kabla ya mchezo hatukuchoma. Tulikula mikate mikavu nyuma ya gari na kukimbilia langoni.

"Dada, mkoba huu hauingii," akasema mlinzi. "Lazima uwe wa plastiki, tuone ndani."

"Ndani kuna nepi, kaka. Unazitamani?"

Watu wa foleni nzima wakacheka, yeye hakucheka. Nepi za mwanangu zikaingia uwanjani ndani ya mfuko wa plastiki, kila mtu akizikagua. Baba naye akaulizwa simu yenye tiketi. Akatoa kile kisimu chake cha kubonyeza, mlinzi akakitazama kama mfupa uliofukuliwa. Bahati nzuri tiketi zote zilikuwa kwenye simu yangu.

Lakini hasira yenyewe ilinikamata ndani. Mabenchi yetu ya mbao, ambayo mabibi na mababu waliyalainisha kwa makalio yao, yaling'olewa. Mahali pake pana viti vya ngozi nyuma ya vioo, na matajiri waliovilipia huingia kwa mlango wao na kutazama mchezo kwenye runinga, ilhali mchezo uko mbele ya pua zao! Sisi tulirushwa ghorofa ya tatu. Baba alipanda akipumzika kila kona ya ngazi, akijifanya anatazama mandhari. Watu wa safu yetu walitawanywa kama kuku waliofukuzwa. Bi Lorene, aliyekaa nyuma yetu tangu sijazaliwa, nilimwona mbali juu, ng'ambo ya njia pana ya saruji inayokata jukwaa katikati.

Nyumbu wakafunga. Nikasimama na Opal.

Kabla sijainua mikono, fataki zikalipuka, vipaza sauti vikanguruma mpaka tarumbeta za bendi zikamezwa, na kwenye skrini kubwa mtu akapiga kelele kuhusu bima. Opal akalia akawa mwekundu. Bwana mmoja wa fulana ya njano, msimamizi wa jukwaa, akaja mbio kwenye ile njia.

"Mama, kaa chini. Hairuhusiwi kupitisha watu."

"Watu gani? Huyu ni mtoto."

"Ndiyo maana."

Baba akamgeukia. "Bwana mdogo, wewe kwenu ni hapa?"

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana."

Nikakaa. Nilimwona baba akiyasugua magoti, macho yake kwenye nyasi, na nikatamani kuing'oa ile skrini kwa meno.

Ndipo mtu mmoja mwenye shati la mikono myekundu akaingia uwanjani. Huyo ni mtu wa televisheni. Akikunja mikono, wachezaji, waamuzi, bendi, sote tunangoja matangazo yaishe, mpaka sabuni iuzwe kwenye nyumba za mbali. Tulingoja. Tukangoja. Hata vipaza sauti vilinyamaza, nadhani walikosa cha kutuuzia.

"Darla!" Sauti ya Bi Lorene ikashuka kutoka juu. "Huyo mtoto anapanda, au anaota mizizi?"

Jukwaa likacheka. Nikamwinua Opal. Mwanamume nisiyemjua akampokea, akampa msichana wa nyuma yake, naye akampa mwingine, mpaka akafika kwenye njia ya saruji. Enzi za mabenchi hapakuwa na njia pale. Mikono ya huku haikufika kule, na katikati alisimama bwana fulana ya njano peke yake, kinywa wazi.

"Pokea basi!" Bi Lorene akamfokea. "Au unangoja tangazo?"

Akapokea. Akamshika kama anayeshika bakuli la supu ya moto, akamfikisha ng'ambo. Opal akapanda mpaka ukutani, akarudi ananuka karanga. Baba alilia waziwazi, hata hakusingizia vumbi.

Nikainua macho. Uso wa mwanangu ulijaa skrini nzima, na chini yake maandishi: furaha hii imeletwa kwenu na kampuni ya bima. Imeletwa! Nilimbeba mimi tumboni!

Tukitoka, dada mmoja wa ofisi ya chuo akatukimbilia, anang'aa kwa furaha. "Tumeipenda sana! Kila mchezo tutachagua mtoto mmoja, avae fulana ya kampuni, azungushwe uwanjani kwa kigari."

"Na nani atampokea?" nikauliza.

"Hapokewi na mtu. Ni salama kabisa."

"Basi hapandi, dada. Huo ni mzigo unaotembezwa. Na uso wa binti yangu uutoe kwenye tangazo lenu."

Baba alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, mkono kwenye reli, Bi Lorene kando yake akimweleza kuhusu kitukuu wake atakayezaliwa masika.

"Kwa hiyo redio nikununulie lini?" nikamuuliza baba.

"Redio ya nini?" Hakugeuka. "Mtoto wa watu atapanda msimu ujao. Unataka ile njia wamwachie fulana ya njano peke yake?"