Vidole vya Utomvu

"Weka kisu chini, Mama Ainebyona! Nani kakuita kumenya ndizi kwangu?"

"Tangu lini jirani akaitwa? Harusi ya binti yako Joyness uliniita?" Restuta, ndiye huyo Mama Ainebyona, hakuinua hata macho. Ganda likadondoka.

"Leo si harusi, Mama," Deodatha akamjibu.

Kweli, haikuwa harusi. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, Deodatha na ukoo wake hapa Nyakakika hupika na kucheza ngoma kukumbuka siku Mukantabana alipoachiwa huru. Mukantabana ni bibi yao wa zamani, aliyeuzwa kwa chumvi akawa mtumwa. Na aliyemnunua nani? Babu wa babu yake Restuta. Kijiji kizima tunajua, ila tunanong'ona. Siku hiyo Restuta hufunga mlango, ngoma akazisikilizia jikoni kwake.

Mimi nilikuja kuchambua maharage. Kusema kweli, mawe niliyarudisha kwenye ungo uleule, masikio yote yako kwao.

"Unanikejeli," Deodatha akasema, sauti imeshuka. "Mukantabana alimenya kwenu mpaka vidole vikawa vyeusi. Leo unakuja kumuigiza mbele ya wageni wangu?"

"Simuigizi, mwanangu. Nimechoka kufunga mlango." Restuta alitazama vidole vyake, utomvu umeshaanza kuvishika. "Niache nimenye fungu hili tu, kisha niende zangu. Chakula chenu sitakigusa."

Benadeta, ambaye kanisani kwenyewe hanyamazi, akasogeza kigoda karibu asikie.

Deodatha akachuchumaa mbele yake. "Unajua alikuwa anakula wapi? Amenye yeye, apike yeye, wenyewe wale ndani. Yeye nje, asubiri makombo." Akakichukua kisu mkononi mwake. "Sasa wewe umenye kwangu, kisha ukale kwako? Nitakuwa nani mimi? Si nitakuwa babu yako!"

Benadeta akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Nitakaaje na ukoo wenu wote humo ndani?" Restuta akauliza, taratibu sana.

"Utakaa kwa matako, kama sisi." Deodatha alimimina mafuta ya kupikia kiganjani, akaanza kumsugua utomvu, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Nyuma yao sufuria ya kwanza ilikuwa imeshaepuliwa, ndizi na maharage vikimwagwa ndani, juu ya majani ya mgomba mkekani.

"Haya, vua ndala, Mama. Ingia tule."