Medali ya Kaka na Nakala Yake

Mtaani wananiita Jenerali, na sijawahi kuvaa buti za jeshi hata siku moja. Kazi yangu ni kutengeneza nakala za medali za kijeshi: za ushujaa, za kampeni, za vita ambavyo hata waliopigana wameshavisahau. Wanaonunua ni wakusanyaji, watu wapole sana, wengi wao hawajawahi kugombana hata na kuku wa jirani. Wanazipanga kwenye makabati ya vioo na kuzipangusa vumbi kila Jumapili. Siwacheki sana, kwa kuwa ndio wanaonilisha.

Kanuni yangu ni moja. Kila nakala naigonga herufi N ukingoni, kwa kimhuri kidogo cha chuma, asije mjanja akaiuza kama medali halisi. Nakala isiyo na N ni wizi, na hilo sijadiliani na mtu.

Askari alikuwa kaka yangu. Aliwatoa wenzake watatu ndani ya lori linalowaka moto, akapewa medali ya fedha yenye jina lake na namba yake ya jeshi vilivyochongwa ukingoni. Alipofariki, medali ilibaki kwa mjane wake, na wanawe wawili kila mmoja akaitaka. Ndipo shemeji akaja nayo kwenye karakana yangu.

"Nitengenezee ya pili, zifanane kama pacha," alisema. "Mkubwa atachukua ya baba yake, mdogo nakala. Nikishazipata nahamia kwa mkubwa. Ameshanitengea chumba."

Kwa mkubwa ni safari ya siku nzima kwa basi. Mke wangu ametangulia mbele ya haki, watoto hatukujaliwa, na tangu kaka azikwe shemeji ndiye ndugu pekee aliyekuwa akibisha hodi kwangu. Nikamwambia kazi hiyo ni ndefu.

Ulikuwa uongo mtupu. Wiki moja nilisema kalibu ya kumiminia shaba haijakauka, wiki nyingine nikasingizia umeme. Yeye akawa anakuja kila Alhamisi kuulizia, anaketi kwenye stuli karibu na dirisha, anashona tepe za wateja wangu bila kuombwa, na kunitania.

"Shemeji, hata tembo angekuwa ameshazaa."

Nilicheka mpaka nikaweka tupa chini. Akiondoka, karakana ilinipwaya kama shati la kuazima.

Nakala yenyewe ilikwisha wiki ya kwanza. Ila sikutaka anikute nimekaa mikono mitupu, kwa hiyo nikaendelea kuichezea. Nikaitia dawa ya kuizeesha. Nikaichora kila mkwaruzo uliokuwa kwenye ile halisi, nikachonga jina la kaka na namba yake. Ile halisi nikaivua utepe ili niilinganishe vizuri upande wa juu. Kufikia wiki ya tano zilikuwa zimelala kwenye kitambaa kimoja, zote uchi. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Yangu iliumiza medali.

Jumatano asubuhi nilibana medali kwenye jiliwa, nikachukua kimhuri, nikagonga N. Kisha, kwa mazoea, nikaiweka kwenye mizani. Nakala zangu ni za shaba iliyopakwa fedha, hivyo huwa nyepesi kidogo. Hii ilikuwa nzito.

Nilikuwa nimeigonga ya kaka.

Kuisaga ile N kwa tupa kungekula namba iliyo jirani yake. Njia nyingine ilikuwa rahisi mno: nimpe shemeji ile isiyo na alama, niseme ndiyo halisi. Asingejua. Mkubwa naye asingejua. Lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha, na huyu alikuwa kaka yangu. Nililia pale mbele ya jiliwa, mzee mzima.

Alhamisi shemeji alipofika sikumpa hata nafasi ya kuketi. Nikamwonyesha N, nikamwambia imegongwa wapi na maana yake nini.

"Mkono uliteleza?" akauliza.

"Haukuteleza. Nilizichanganya. Nakala ilikuwa tayari tangu wiki ya kwanza, shemeji. Nilikuwa nakuchelewesha."

"Najua. Nimeishi na kaka yako miaka thelathini na nane. Alikuwa akiniambia medali moja haikuchukui hata siku nne."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nasubiri useme."

Alisema hivyo bila hasira, akiisugua ile N kwa kidole gumba kana kwamba ni doa litakalotoka. Akaamua palepale: mkubwa atapewa hiyohiyo yenye alama, na ataelezwa ukweli, kwa kuwa iliyolala kifuani kwa baba yake ndiyo hiyo. "Baba yao mwenyewe alirudi na makovu, na hawakumkataa," akasema. Mdogo atapata ile nyingine, nikishaigonga N yake.

Nikaigonga mbele yake. Nilikuwa na neno limenikaa kooni tangu Alhamisi ya kwanza, na sasa likatoka lenyewe.

"Shemeji, usiende. Baki."

Macho yakamjaa maji.

"Nilikungoja Alhamisi zote hizo," akasema. "Ungesema hata wiki iliyopita, ningebaki. Juzi nimeuza nyumba. Walioinunua wanaingia Jumamosi."

Nilizirudishia tepe zake, nikazifunga kila moja kwenye kiboksi chake. Akaniuliza tena ipi ni ipi, nikamwonyesha. Mlangoni akanishukuru kwa kazi nzuri.