Njia Isiyofika Ringwani

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga jikoni gizani. Umeme wa Nyamisangura, pale mjini, ulikuwa umekatika tangu magharibi. Lilian hakwenda kukiondoa. Alikuwa kwenye simu na Teresia, mwenzake wa masomo ya jioni. Walianzisha pamoja kikampuni cha kutunza kumbukumbu za mashimo ya dhahabu ya Nyamongo, kila mmoja akifanya kazi nyumbani kwake.

"Na hii VPN ya tatu?" Lilian akauliza.

"Inazunguka tu, dada. Nimepanda juu ya kichuguu, majirani wanadhani natafuta kumbikumbi."

"Ukiizima?"

"Daftari letu la mtandaoni linafunguka papo hapo. Niache hivyo hivyo bwana. Nani atanichungulia huku kijijini Ringwani?"

Wiki iliyopita siri ya shimo la mzee Olima, mteja wao, ilivuja mtandaoni, wavamizi wakaja, mzee akavunjwa mkono. Wachimbaji walisema wazi: kuanzia kesho, asiyepita kwenye VPN, ile njia ya siri ya mtandao, asiguse daftari. Zote tatu walizojaribu zilikubali mjini, lakini mtandao wa Ringwani haukuweza kubeba hata moja.

"Yule Awiti wa Sirari, mwenye mtandao mzuri, atashika sehemu yako," Lilian akasema, "mpaka mtandao wa huko utengemae."

"Mnara tunaahidiwa tangu sijaolewa." Teresia alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kwa hiyo mimi ndiyo basi."

Lilian akakata simu, akaiweka mezani. Ikaanza kutetemeka. Binti yake Sheila akaiinua, akasoma polepole.

"Mama, anti Teresia anapiga."