Sauti Iliyoachwa Juu

Chiriku, jina alilobandikwa na nduguze kwa kutofunga mdomo, hakuwahi kuipokea simu ya dada yake bila kumwaga maneno kama mvua. Siku hiyo alitoa mawili tu. "Sijambo, dada." Nayo yalitoka yamelala bapa, kama ya mtu anayelishwa maneno.

Dada mtu, mwalimu wa kwaya, alikuwa katikati ya mazoezi. Alijua simu ya Chiriku siku hizi huwekwa spika, mumewe kakaa pembeni anasikiliza. Ndiye shemeji yule mwenye ulimi wa asali, aliyesifiwa na ukoo mzima mpaka ukachoka. Kumuuliza Chiriku waziwazi kungekuwa kumtia matatani.

"Nimesahau sauti ya pili ya wimbo wetu wa kufungulia," akasema, akijilazimisha kucheka. "Hebu niimbie mstari mmoja." Akawaelekezea waimbaji simu, nao wakasogea wasikie.

Chiriku alisita, kisha akaimba. Maneno yalikuwa sawasawa, ila mwisho wa mstari, pale sauti inapopaswa kushuka na kutulia, aliiacha juu ikining'inia. Simu ikakatika.

Kabla ya kuolewa, Chiriku ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ile, na pale hakuna asiyejua: kiongozi akiiacha sauti juu, anawaambia wenzake waingie. Mwalimu aliwatazama. Walichukua mikoba yao wakatoka kwenda kwa Chiriku.

Shemeji alifungua mlango akitabasamu. Kwa sauti laini alisema mkewe amechoka tu, wala wasijisumbue. Mwalimu akikosea, atakuwa amemvunjia mdogo wake ndoa kwa sababu ya mwisho wa mstari mmoja wa wimbo. Akigeuka akarudi, huenda asimwone tena.

Chiriku akatokea nyuma ya mumewe, amejifunika mtandio hadi kidevuni.

"Niko salama, dada," akasema, bapa vilevile. "Rudini tu."

Mwalimu akanyoosha mkono akamshika kiganja. Kilikuwa baridi, nacho kikamng'ang'ania.

"Si mmemsikia mwenyewe?" shemeji akauliza, na asali yote imeshakauka.

"Tumemsikia," akajibu mwalimu, akamvuta mdogo wake nje.