Mshono wa Chini

Fundi yule wa mageti na vitanda vya chuma alikuwa na jeuri moja iliyowachosha watu: mshono wake haupimwi. "Nikishauchomelea, umeshapimwa," ndivyo alivyokuwa akijibu, na ukibisha anakununia wiki nzima. Leo sasa, asubuhi na mapema, huyo huyo yuko nyuma ya karakana anajaza maji kwenye tangi la upepo alilomtengenezea bintiye, mpuliza rangi. Alitaka amalize kabla binti hajafika. Wapi!

"Baba, unaliogesha?"

"Nalisafisha."

Binti akaiona pampu ya mkono, akaiona geji ya mgandamizo, akajua. Upepo uliobanwa ukipasua chuma hurusha vipande na kuua mtu. Maji yakipata ufa huvuja tu, basi. Huko si kusafisha, huko ni kupima.

Na kweli, mzee alikuwa na hofu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mshono wa chini aliuchomelea kwa kukisia. Hakumwambia mtu. Na tangi hili lingekaa karibu na mwanawe siku nzima, kila siku.

"Limejaa. Nipe pampu."

"Bado, baba. Juu kuna hewa." Binti akaliinamisha tangi, akalikingia tofali mpaka mdomo ukawa ndio sehemu ya juu kabisa. Mapovu yakatoka, yakatoka, kisha yakaja maji matupu. "Hukuyaona haya?"

"Nimeyaona."

"Baba!"

Mzee akajitia kukaza mpira wa pampu. Maskini, somo la kutoa hewa yote yeye ndiye aliyemfundisha huyo binti, kwenye matangi ya mafundi wengine.

Wakajibanza nyuma ya ukuta, baba akipampu, binti akichungulia geji. Mshale ukapanda taratibu, ukapita kipimo cha kazi ya kila siku, halafu ukaanza kurudi. Chini ya tangi uzi mwembamba wa maji ulikuwa unaruka kutoka kwenye mshono.

Mzee akakalia ndoo. "Macho yameniishia, mwanangu. Ningekuua kwa mkono wangu huu." Akalia wazi wazi, jeuri yote kwisha.

Binti akapiga magoti, akamfuta uso kwa kona ya shati lake. "Hujaniua. Umenipimia. Dunia nzima uliikatalia, mimi umenipimia."

Wakamwaga maji, wakakausha, wakasaga mshono ule wote. Binti akavaa kinyago cha kuchomelea cha baba yake, kikawa kinamshukia puani, akaanza kuuchomelea upya. Mzee akageuzia mwanga mgongo, akautegea sikio mlio wa moto.

"Unakimbia. Polepole. Enhe, sikia, sasa unakaanga vizuri. Mkono usiubadilishe."

Wakajaza tena, wakapampu tena. Safari hii mshale ulipofika juu ulitulia. Wakanywa chai palepale nyuma ya ukuta, na ilipokwisha mshale ulikuwa bado palepale. Binti akashusha mgandamizo, ndipo mzee akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa chini. Mkavu.

"Huu sasa haupimwi," binti akamtania.

"Unapimwa!" mzee akafoka. "Kila mwaka. Kwa maji. Hata nisipokuwepo."

Kisha akakichukua kile kinyago, akaukaza mkanda wake, akamjaribishia kichwani mpaka kikamkaa sawasawa. Akakitundika kwenye msumari wake yeye, na mkanda ule hakuulegeza tena.