Mashine Tatu za Kufulia

Jumamosi hiyo afisa ununuzi wa halmashauri alikwenda kumsalimia shangazi yake, akakuta ua mzima umeanikwa mashuka. Meupe, kamba nne, na kila moja lina muhuri wa bluu kwenye pindo: Kituo cha Afya. Akaganda mlangoni na mfuko wake wa sukari kama mtu aliyekosea nyumba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Pita, usisimame kama mgeni. Mkono sikupi, nina uchafu wa watu." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake, mikono imezama kwenye maji ya jiki hadi viwiko.

Haya, tuyaseme yalivyo, maana mwenyewe asingeyasema. Huyu mama alifua mashuka ya kituo hicho miaka kumi na tisa, ana mshahara, ana glavu, ana likizo. Mwaka jana halmashauri ikaamua kazi ya kufua ipewe kampuni. Zabuni ikatangazwa, kampuni moja ikashinda, na madobi sita wa kituo wakakabidhiwa barua za kuachishwa. Shangazi alimletea afisa barua yake, naye, mtoto aliyelelewa na huyu mama tangu ana miaka minne, akamwambia, "Usilie, shangazi. Wale wana mashine tatu kubwa, nimeziona kwa macho yangu. Kufua kwa mikono kumepitwa na wakati." Shangazi akaridhika. Mtoto wake kaona, nani abishe?

Kaona nini! Siku ya kwenda kuzikagua hizo mashine jua lilikuwa kali, gari la ofisi halina mafuta, na mwenye kampuni akatuma picha. Afisa wetu, bwana mkubwa, akazitazama huku anakunywa chai, akajaza fomu: mashine tatu, zinafanya kazi, nimezikagua. Akatia sahihi. Wala hakuhongwa, jamani. Angehongwa tungejua pa kumshika. Ulikuwa uvivu tu, uvivu mtupu wa saa nane mchana.

"Kampuni imenirudisha kazini," shangazi alikuwa anaeleza, amechangamka kweli. "Wanaleta mzigo asubuhi, wanachukua jioni. Wanalipa kidogo, lakini afadhali kuliko kukaa bure." Akainua shuka lenye doa la damu, akaanza kulisugua. Vidole vilikuwa vimechanika kwenye maungio, na kimoja amekizungushia kitambaa.

"Glavu ziko wapi, shangazi?"

"Glavu? Na wewe naye!" Akacheka. "Watu wenyewe hata sabuni wananipimia kwa kijiko."

Ofisini kulikuwa na karatasi inamsubiri afisa, ya kuongeza mkataba wa kampuni mwaka mwingine, na Jumatatu alitakiwa aandike kwamba huduma inaridhisha. Akisema ukweli, kibarua chake kitaota nyasi. Akivaa miwani ya mbao, mama huyu atafua damu za watu kwa mikono mitupu mwaka mzima tena. Aliyajua yote hayo, na bado, aibu iliyoje, alichokuwa anatafuta ni namna ya kuaga.

"Mwanangu," shangazi akasema, "nikuulize kitu, usinicheke. Zile mashine ulizoziona, zimeharibika zote tatu?"

Hakuwa anamkejeli hata kidogo. Alitaka kujua.

Afisa akauweka chini mfuko wa sukari.

"Sikuziona," akasema. "Sikwenda kabisa. Niliandika tu, shangazi. Jumatatu nitaandika ukweli, wakitaka wanifukuze."

Mikono ya shangazi ikatulia ndani ya beseni.

"Wenzangu watano walitaka kwenda kwa diwani kulalamika," akasema polepole. "Walishaandika na majina. Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia, tulieni, mashine zipo, kaziona mtoto wangu, na huyo nimemlea mimi mwenyewe, hajui uongo."

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi aliinuka akishika kiuno, akasuuza mikono, akajifuta kwa kanga, akavaa kandambili.

"Twende," akasema. "Ni nyumba tano. Kila nyumba utabisha hodi wewe, na utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Wa kwanza anakaa hapo nyuma, na yuko nyumbani."

Akamfungulia mlango wa ua, akamngoja atangulie.